Disketi Moja, Kompyuta Mbili za Unix

Disketi ni kisahani chembamba cha plastiki kilichopakwa madini yanayoshika sumaku. Kompyuta hubadilisha mwelekeo wa sumaku hiyo ili kuhifadhi tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu 8 za namna hiyo huitwa baiti.

Baiti hupangwa katika duara zinazoitwa njia, na kila njia hugawanywa katika vipande viitwavyo sekta. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 ya miaka ya 1990 ina nyuso 2, njia 80 kila uso, sekta 18 kila njia na baiti 512 kila sekta. Ukizidisha, utapata baiti 1,474,560.

Tuchukue kompyuta mbili za wakati huo zinazotumia mfumo endeshi wa Unix: SPARCstation ya kampuni ya Sun, na PC yenye prosesa ya Intel 386 inayoendesha Unix ya kampuni ya SCO. Zote mbili huweza kusoma sekta za disketi hii. Hata hivyo, sekta haina jina la faili. Majina, na orodha ya sekta za kila faili, hutunzwa na mfumo wa faili, na kila kompyuta ina wake. Kwa hiyo baiti zinasomeka zote, lakini haijulikani faili ipi inaanzia wapi.

Tofauti ya pili ni mpangilio wa baiti. Namba 1000 huhitaji baiti mbili: 3 na 232, kwa kuwa 3 × 256 + 232 = 1000. SPARC, prosesa ya SPARCstation, hutanguliza 3. Intel hutanguliza 232. Moja ikisoma baiti za mwenzake kwa utaratibu wake yenyewe, itapata 59,395.

Programu ya tar, iliyotolewa na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, huziepuka tofauti zote mbili. Kwanza, huweza kuandika moja kwa moja kwenye disketi, sekta baada ya sekta, bila mfumo wa faili. Ili kuweka faili iitwayo barua kwenye disketi, mtumiaji wa Sun huandika hivi:

tar cf /dev/rfd0 barua

Pili, kila faili hutanguliwa na utambulisho wa baiti 512 wenye jina na ukubwa wake. Ukubwa huo huandikwa kwa tarakimu za maandishi, kwa kuhesabu nane nane: 1000 huwa 1750, yaani 512 + 7 × 64 + 5 × 8. Kila tarakimu hukaa katika baiti moja, na baiti moja haiwezi kupinduliwa.

Lakini tar haigusi yaliyomo ndani ya faili. Barua itafika salama. Jedwali la namba zilizohifadhiwa kwa baiti mbili mbili litasomeka vibaya. Amri ya dd yenye chaguo la conv=swab hubadilishana nafasi za kila baiti mbili, ila huvuruga pia maandishi yaliyochanganywa humo. Kwa sababu hiyo, ni vyema namba zigeuzwe kuwa maandishi kabla ya kuziweka kwenye disketi.