Kutafuta Kani Pale Mwendokasi Ufuatapo Mahali

Wanafunzi wanijiao na suala la chembe ambayo mwendokasi wake umetajwa kwa mahali ilipo, wala si kwa wakati, aghalabu huanza kuusaka wakati, wakakwama hapo hapo. Nami huwasihi wauache kwanza, maana kani haiuhitaji.

Kaida niifuatayo ni kutwaa mwendokasi wa chembe mahali ninapopachunguza, nikauzidisha kwa kadiri unavyoongezeka kwa kila mita ya mbele, na zao lake likawa ndilo mchapuko, ambao nikiuzidisha kwa tungamo napata kani. Sababu yake ni dhahiri: maadamu mwendokasi ni idadi ya mita zipitwazo kwa sekunde, na kila mita ina nyongeza yake ya mwendo, mazidisho ya hayo mawili hayana budi kuwa nyongeza ya kila sekunde.

Tuitwae chembe ya kilo 2, ambayo mwendokasi wake ni mara 3 ya kipeuo cha pili cha umbali. Ifikapo mita 4 yaenda mita 6 kwa sekunde, na nyongeza pale ni 0.75 kwa kila mita; ifikapo mita 9 yaenda 9, lakini nyongeza imeshuka hadi 0.5. Mara zote mbili mchapuko ni 4.5, na kani ni nyutoni 9, isiyobadilika hata kidogo, ijapokuwa kile kipeuo chatisha macho.

Wakati huja baadaye: kila kipande kidogo cha njia hugawanywa kwa mwendokasi wa hapo, kisha muda wote ukajumlishwa. Kwa chembe yetu, mita 4 za kwanza zachukua sekunde 1 na thuluthi.

Jumla hiyo, hata hivyo, si lazima iwe na kikomo. Mnamo 1604 Galileo alimwandikia Paolo Sarpi kwamba mwendokasi wa kitu kiangukacho huongezeka kwa uwiano wa umbali kilioanguka, rai aliyokuja kuikanusha katika kitabu chake cha 1638. Tujaalie kila mita yaongeza mita 1 kwa sekunde: toka nusu mita hadi mita nzima ni kama sekunde 0.69; toka robo hadi nusu, 0.69 vilevile, toka thumni hadi robo, hali kadhalika, na hivyo hivyo kurudi nyuma pasipo mwisho. Na kwa kuwa pale mwanzo kani nayo ni sifuri, jiwe la namna hiyo likiachiliwa lisingeanguka kamwe.