Kuupima Mwendo wa Mazoezi kwa Kamba na Hatua

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Hata hivyo, dakika pekee hazioneshi kama mwendo unaongezeka. Umbali ndio unaoonesha. Mkaazi wa Makangale anaweza kuupima bila ya simu wala saa ya gharama.

Kwanza, pima kamba ya mita 20 kwa futikamba. Ilaze mara 5 kwenye njia tambarare iliyonyooka. Hizo ni mita 100.

Pili, tembea mita hizo kwa mwendo wako wa mazoezi, kwenda na kurudi, ukihesabu hatua. Ukipata hatua 280, basi mita 100 ni hatua 140, na kilomita 1 ni hatua 1,400.

Tatu, chukua vijiwe 14 mfukoni. Kila zitimiapo hatua 100, hamishia kijiwe kimoja mfuko wa pili. Vikimalizika, umetimiza kilomita 1.

Mwenye kukimbia apime upya, kwani hatua ya mbio ni ndefu zaidi. Kadhalika, mchanga laini wa pwani ya Vumawimbi hufupisha hatua. Ni bora kutumia mchanga mgumu, maji yanapokupwa.

Mwenye shinikizo la damu au kisukari amuone daktari kabla ya kuanza, kisha aandike umbali wa kila siku katika daftari. Akirudi kituo cha afya, daftari hilo litamwonesha daktari mwendo halisi, badala ya makisio.