Tusidharau Koo la Mtoto

Wazazi wapenzi, wengi wetu tusikiapo habari za ugonjwa wa moyo huwafikiria watu wazima wenye shinikizo la damu. Lakini yako maradhi ya moyo yaanziayo kooni mwa mtoto, naye angali shuleni. Hayo ndiyo twapenda kuyaeleza juma hili.

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 hupatwa na homa na maumivu ya koo. Mara nyingi hupona bila madhara. Lakini pengine maumivu hayo huletwa na vijidudu viitwavyo streptokoki. Visipouawa kwa dawa, baada ya majuma 2 au 3 huweza kufuata homa ya baridi yabisi. Askari wa mwili, walioinuka kupigana na vijidudu, hukosea adui, wakaushambulia mwili wenyewe. Magoti na viwiko huvimba, kisha hupona, nasi tukafurahi. Kumbe milango ya moyo, iitwayo vali, imekwisha kupata makovu! Miaka hupita, ndipo kijana ashindwapo kupanda kilima, au mama mja mzito akosapo pumzi.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kumkata mtoto kimeo hakuviondoi vijidudu. Humwongezea jeraha tu. Apelekwe zahanati mapema: penisilini ikianza kabla ya siku 9 kupita, huizuia homa ile. Tena akipewa vidonge avimalize vyote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya tatu.

Na aliyekwisha kuugua? Tabibu huusikiliza moyo, kisha huutazama kwa mashine ya mawimbi ya sauti, isiyoumiza hata kidogo. Mgonjwa huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma 3 au 4, kwa miaka mingi. Hapa ndipo wengi tunapoanguka: mtoto acheza, acheka, twadhani amepona, sindano twaiacha. La, sivyo! Sindano hiyo haifuti kovu la kwanza. Yazuia la pili. Vali zikiharibika sana hubaki upasuaji, ambao siku hizi hufanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Ni msaada mkubwa. Lakini heri mtoto asiyeuhitaji.

Basi, mtoto akisema jioni, “Koo laniuma,” tusimjibu anywe maji akalale. Tumtazame, na asubuhi tumpeleke kwa tabibu.