Kusinzia na Kulala Pono: Istilahi za Kuhifadhi Chaji katika Linux

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba istilahi isiyotenganisha dhana mbili yaweza kumpotezea mtumiaji kazi yake. Mfano wetu ni tarakilishi mpakato inayotumia Linux, mfumo ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Tumchukue mwanafunzi aliyepanga chumba Kibera au Kawangware. Tarakilishi yake ni ya mtumba, betri imechoka, na umeme umepotea akiwa katikati ya tasnifu. Linux humpa njia mbili za kuhifadhi chaji. Katika ya kwanza, kazi hubaki katika kumbukumbu ya muda, ambayo sharti iendelee kupata umeme kidogo. Mashine huamka upesi, lakini betri ikiisha, yote ambayo hayakuhifadhiwa hupotea. Katika ya pili, yaliyomo katika kumbukumbu hiyo hunakiliwa diskini, kisha mashine huzimika. Kuamka huchukua muda zaidi, ila kazi i salama hata betri ikiisha.

Iwapo njia zote mbili zitaitwa "kulaza", mwanafunzi huyu atajuaje ipi itamfaa umeme usiporudi hadi asubuhi? Kiswahili kina hazina ya kutosha. Anayesinzia hushtuka kwa mguso mdogo. Aliyelala usingizi wa pono haamki kwa urahisi. Twapendekeza basi "kusinzia" kwa njia ya kwanza na "kulala pono" kwa ya pili. Tukizingatia vigezo vya PEGITOSCA, istilahi hizi ni fupi na zinanyambulika: sinzisha, laza pono. Upungufu wa "kulala pono" ni kutodokeza diski. Hivyo menyu iongeze maelezo "kazi itahifadhiwa diskini".

Hata hivyo, jina zuri halitoshi. Kulala pono huhitaji nafasi maalumu diskini, kwa kawaida isiyopungua ukubwa wa kumbukumbu ya muda. Aidha, Ubuntu 12.04 ya mwaka 2012 ilitolewa njia hii ikiwa imefungwa. Mtumiaji aijaribu kwanza kwa faili isiyo na thamani.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wanaistilahi tuendeleze kazi hiyo, tukiyapima maneno yetu kwa watumiaji wa Kibera na Kawangware kabla ya kuyaingiza kamusini.