Hewa Inayobeba Shaba

Katika karne ya 19, shaba ya Katanga ilifika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, mabegani mwa wapagazi, na Wasumbwa wa mtawala Msiri walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa njia hiyo. Leo, kaskazini mwa Tabora upande wa Kahama, shaba hubebwa na mapovu. Mgodi wa Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, umetoa kwa njia hii makinikia ya shaba yenye dhahabu, yale yale yaliyozuiwa kusafirishwa nje mwaka 2017. Kijana wa Nzega au Tabora unayeomba kazi ya uchenjuaji, elewa kwanza habari ya hewa.

Mawe husagwa yakawa unga, unga ukachanganywa na maji ukawa tope. Dawa iitwayo zanthati hugandama kwenye chembe za shaba, zikakataa maji kama manyoya ya bata. Hewa ikipulizwa chini ya tangi, chembe hizo hushika mapovu, hupanda nayo na kumwagikia ukingoni.

Hewa ikipungua, povu hulala na shaba huishia kwenye bwawa la mabaki. Ikizidi, povu huzoa hata mawe matupu, au hupasuka kabla ya kufika ukingoni, tope likatokota kama uji uliosahaulika jikoni.

Kwa hiyo bomba la kila tangi hufungwa mita ya hewa na vali. Kompyuta husoma mita, hulinganisha na kiwango kilichowekwa, kisha husogeza vali. Vali haiwezi kuachwa mahali pamoja, kwa sababu matangi mengi hugawana mashine moja ya kupuliza: kina cha tope kikishuka kwenye tangi la kwanza, hewa hukimbilia huko, la nne likapungukiwa.

Ukiingia zamu, tazama povu kabla ya skrini. Povu lenye mzigo hung'aa kwa chembe na kutembea taratibu. Mapovu makubwa, maangavu kama kioo, hayajabeba kitu.

Namba ya mita isipocheza hata vali inaposogea, huenda mita imeziba. Waite mafundi wa vipimo, uandike kwenye kitabu cha zamu. Usilifungulie tangi moja hewa kwa mkono ili kulinusuru. Utayanyima matangi jirani. Kiwango kikihitaji kubadilishwa, badilisha kidogo, kisha subiri povu litulie kabla ya kugusa tena.