Saratani ya Utumbo Mpana: Kulia au Kushoto?

Ndugu zangu wanafunzi, somo la leo linahusu sehemu ya mwili ambayo wengi wetu tunaona haya kuitaja. Lakini washirikina walipomkejeli Salman al-Farisi (r.a.) kwamba Mtume wao (s.a.w.) anawafundisha hata adabu za chooni, yeye alikiri bila haya. Basi na sisi tuseme wazi.

Utumbo mpana huanzia chini kulia mwa tumbo, palipo na kidole tumbo. Hupanda hadi chini ya ini, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka mpaka njia ya haja kubwa. Madaktari wanautazama kama pande mbili, kwa sababu tangu tumboni mwa mama pande hizo hukua kutoka vipande tofauti na hulishwa na mishipa tofauti ya damu.

Upande wa kulia kinyesi bado ni majimaji na njia ni pana. Uvimbe unaweza kukua hapo muda mrefu bila kuziba kitu, ukivujisha damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Mgonjwa anachoka, anaishiwa damu, na kwetu huku tunasema ni malaria au minyoo. Kushoto kinyesi kimeshakauka na njia ni nyembamba, kwa hiyo damu inaonekana, choo kinabadilika, na mtu anashtuka.

Je, tofauti ya uhai inatokana na kuchelewa tu? Hapana. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa ambao wote saratani yao ilikuwa imeshasambaa mwilini. Nusu ya wale ambao uvimbe wao ulianzia kushoto waliishi zaidi ya miezi 33. Kwa wale wa kulia ilikuwa miezi 19 tu. Uvimbe wa kulia mara nyingi una mabadiliko mengine ya vinasaba, na ipo dawa inayowafaa baadhi ya wagonjwa wa kushoto lakini kulia haisaidii sana. Hata hivyo, hatua ambayo ugonjwa umefikia ndiyo yenye uzito kuliko upande. Ukigunduliwa mapema, tofauti hiyo hupungua sana.

Kwa hiyo baba au mama aliyevuka miaka 50 akiishiwa damu bila sababu inayojulikana, vidonge vya kuongeza damu peke yake havitoshi. Aulizwe kuhusu choo chake, na daktari aombwe aufikirie utumbo. Kijana naye akiona damu chooni asikimbilie kusema ni bawasiri.

Wapo wanaoogopa upasuaji kwa kuwa huenda wakawekewa mfuko wa kinyesi tumboni, wakidhani swala zao zitaharibika. Wanazuoni wa zama zetu wanamlinganisha mtu huyo na asiyeweza kuzuia mkojo. Kwa madhehebu ya Shafi'i, wakati ukiingia anajisafisha, anatawadha, anaswali bila kuchelewa, na hurudia udhu kwa kila swala ya faradhi. Kinachotoka katikati ya swala hakimdhuru.