Dondoo Muhimu: Saini Zaidi ya Moja katika Seva ya Utambulisho

Fundi ahudumiaye chama cha akiba cha wakulima wa mahindi Kitale au Bungoma, ambako programu mpya ya simu hukutana na mfumo mkongwe wa hesabu, yampasa aiwezeshe seva ya utambulisho kutia tokeni saini kwa algorithimu ya RS256, kwa ajili ya mfumo huo mkongwe, na kwa ES256 vilevile, kwa ajili ya programu ya simu; kwani saini ya RS256 yenye ufunguo wa biti 2048 huchukua baiti 256, ilhali ya ES256 ni 64 tu, tofauti isiyo haba kwa mtandao hafifu.

Kila algorithimu na ipewe ufunguo wake, nao ufunguo wa hadhara utangazwe kabla ya saini ya kwanza, wala, ufunguo ubadilishwapo, ule wa zamani usiondolewe mpaka tokeni zake zote ziishe muda.

Hili nalisisitiza kwa dhati: mpokeaji asiiamini kamwe algorithimu iliyotajwa na tokeni yenyewe, bali awe na orodha yake ya zilizoruhusiwa, maana mhalifu aweza kuandika HS256, algorithimu ya ufunguo mmoja wa siri, na kuutumia ufunguo wa hadhara kana kwamba ni wa siri, na seva iliyoghafilika ikamfungulia amana za watu. Waraka RFC 8725 wa mwaka 2020 umeibainisha hatari hiyo.